Nyumba ya Mzee Thaba Yahesabiwa Mara ya Pili

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na mbili Aprili. Mbingu ilikuwa safi, haina wingu hata moja, lakini baridi ilikuwa kali. Umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi. Upepo ulishuka kutoka kwenye vilele, ukapita bondeni, ukatikisa mtama uliokuwa unasubiri kuvunwa.

Katika nyumba ya juu kabisa ya kijiji cha Ha Lekhula, Mama Nyakallo alijifunga blanketi yake kwa pini. Akapiga magoti kando ya kitanda. Kila asubuhi alikuwa akimwomba Mungu mambo mengi: mvua, afya, kondoo, na mume wake Pheello aliyekuwa malishoni. Siku hizi alikuwa na ombi moja tu.

"Baba wa mbinguni," alisema, "usiache mtoto wangu achukuliwe."

Kisha akaingia jikoni. Akawasha moto wa samadi kavu, akabandika uji wa mtama uliochachuka tangu juzi. Binti yake, Nyakallo, alikuwa ameshaamka. Alikuwa ameshaanza kusema.

"Mama, kuku amelala ndani ya kofia ya babu!"

"Mtoe."

"Nimemwambia atoke. Amenikasirikia. Mama, kuku akikasirika anatukana?"

"Kunywa uji."

"Mimi nadhani ametukana. Ametukana kwa lugha ya kuku."

Mama Nyakallo alicheka, ingawa moyo wake ulikuwa mzito. Mtoto huyu alisema kutoka jua linapochomoza mpaka linapozama. Alisema na mbwa. Alisema na sufuria. Yote hayo aliyasema kwa Kiphuthi, lugha ya Waphuthi wachache wa milimani, kwa sababu ndiyo iliyosemwa nyumba ile. Bibi yake, aliyemlea mpaka alipofariki, hakujua lugha nyingine.

Lakini walipofika kwenye lango la mawe, mama alimsimamisha.

"Ukifika shuleni?"

"Nanyamaza."

"Kwa nini?"

"Ili watu wasitucheke," alijibu Nyakallo. Akafunga mdomo, akateremka mteremko na mkoba wake mgongoni. Hakusema tena mpaka aliporudi.

Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Darasani walisema Kisotho, lugha ya watu wengi wa nchi. Nyakallo hakukijua. Na lugha aliyoijua alikuwa amekatazwa kuisema. Basi mwalimu alipomuuliza neno, alimtazama tu. Mwalimu mkuu, Mwalimu Ramoholi, alikuwa mtu mwema, mgeni kutoka nyanda za chini. Alimwita Mama Nyakallo akamwambia kwa upole:

"Mama, huyu mtoto hasikii. Shule zikifungwa kwa ajili ya baridi, tutampeleka shule ya watoto wasiosikia. Iko mbali, atalala hukohuko. Watamtunza vizuri."

Mama Nyakallo aliitikia kwa kichwa tu. Alitaka kusema, "Anasikia! Anasikia kupita sisi sote!" Lakini angeulizwa mbona hajibu, naye angetakiwa kusema kwamba nyumba yao ni ya Waphuthi. Baba mkwe wake alikuwa amekataza jambo hilo lisisemwe nje ya ua.

*

Jua lilipopanda, mgeni alipiga hodi. Alikuwa msichana aliyevaa koti la rangi kali, na kishikwambi mkononi. Viatu vyake vya mjini vilikuwa vimejaa tope.

"Hodi wenyewe! Naitwa Keneuoe. Mimi ni karani wa sensa. Tunahesabu watu wote wa nchi."

"Karibu, dada. Kaa hapa penye jua."

"Asante, mama. Mlima wenu huu umeniua! Haya, tuanze. Mkuu wa kaya hii ni nani?"

Mama Nyakallo alitazama chini. Mkuu wa kaya alikuwa baba mkwe wake, Mzee Thaba. Lakini kwetu mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe wake. Ni heshima kubwa, na akilitaja ni aibu kubwa. Hata neno linalofanana na jina hilo halitamki. Thaba maana yake ni mlima. Basi katika nchi hii yenye milima kila unapogeuza shingo, Mama Nyakallo hasemi "mlima."

"Mama? Mkuu wa kaya?"

"Yupo mtu mzima."

"Anaitwa nani?"

Mama Nyakallo alikaza pini ya blanketi yake.

"Ni mume wako?"

"Hapana. Mume wangu anaitwa Pheello."

"Yuko wapi?"

"Yuko na kondoo, huko... huko juu."

"Juu wapi?"

"Kwenye vile vikubwa vya mawe."

Keneuoe aligeuka akatazama. "Milimani?"

"Hapohapo ulipotaja wewe."

Keneuoe alizaliwa mjini, na asubuhi ile alikuwa amechoka. Hakufahamu. "Basi niandike mkuu wa kaya ni Pheello?"

"Andika hivyo," alisema Mama Nyakallo, akashusha pumzi.

"Mtu aliyeko malishoni naye tunamwandika, kwa sababu hapa ndipo kwake. Kuna mwingine?"

Mama Nyakallo alijitaja yeye na binti yake, akaishia hapo. Keneuoe akasubiri kidogo, akaendelea.

"Lugha mnayosema nyumbani?"

Mama Nyakallo alikumbuka amri ya mzee.

"Kisotho," alisema.

Keneuoe alishukuru. Akachora alama ya chaki mlangoni kuonyesha kwamba nyumba imehesabiwa, akaondoka.

*

Mzee Thaba alirudi kutoka shambani akiwa na furaha. Alikuwa amesikia njiani kwamba karani yuko kijijini. Alivua blanketi ya kazi, akavaa ile nzuri ya kanisani. Akaketi kwenye kigoda akisubiri kuhesabiwa. Ndipo alipoiona chaki.

"Mke wa mwanangu! Nini hiki mlangoni?"

"Karani amepita, baba."

"Amepita? Nami nimehesabiwa?"

Mama Nyakallo alishika ncha ya kitambaa cha kichwani. "Hapana, baba."

"Hapana vipi?"

"Aliuliza jina lako."

Mzee alisimama. "Nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu! Mawe haya nimeyabeba mimi! Serikali imekuja kuhesabu watu, nawe umeniacha nje pamoja na mbuzi?"

"Ningefanyaje, baba? Jina lako siwezi kulitaja."

Jirani yao, Mama Bulelwa, Mxhosa mwenye ulimi mkali na moyo mwema, alikuwa amesimama ukutani akisikiliza kila kitu. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mzee! Angelitaja jina lako, ungemdai kondoo wa faini. Hakulitaja, unafoka. Sasa mtoto wa watu akimbilie wapi?"

"Wewe nani amekuita?"

"Sauti yako ndiyo imeniita. Imefika mpaka mtoni. Tulia, baba. Karani analala kwa chifu. Kesho asubuhi nitamleta. Na jina lako nitalitaja mimi, maana mimi si mkwe wako, namshukuru Mungu."

*

Asubuhi iliyofuata Keneuoe alirudi, Mama Bulelwa mbele yake kama askari.

"Haya, andika," alisema Mama Bulelwa. "Thaba! Thaba! Thaba! Umesikia, au nirudie?"

Keneuoe alijipiga paji la uso. "Ee Mungu wangu! Bibi yangu naye alikuwa hivyohivyo. Alikuwa akimwita baba mkwe wake 'yule mwenye boma.' Nilipaswa kufahamu. Nisamehe, mama. Mzee, nisamehe."

Akamgeukia Mama Nyakallo. "Siku nyingine, mama, ukishindwa kutaja mtu kwa heshima, usimwache. Niambie tu, 'Ita jirani.' Heshima yako ibaki, na mtu wako ahesabiwe. Kila mtu anahesabiwa: mzee, mtoto mchanga, mgonjwa, mtu asiye na akili timamu, mchungaji aliyeko malishoni. Nchi isipowajua watu wake, itajuaje wapi pajengwe zahanati, wapi papelekwe mwalimu?"

Mzee Thaba alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alijibu maswali yake yote kwa sauti kubwa. Kisha Keneuoe akasoma yaliyoandikwa jana ili yathibitishwe.

"Lugha ya nyumbani, Kisotho. Ni sawa, mzee?"

"Sawa."

Mama Bulelwa akakohoa.

"Una nini?" aliuliza mzee.

"Vumbi."

"Vumbi gani na umande wote huu?"

"Mzee," alisema Mama Bulelwa, na sasa hakucheka. "Mimi ni jirani yako tangu nilipoolewa. Kila alfajiri nakusikia ukisali. Unasali kwa sauti, utadhani Mungu yuko ng'ambo ya mto. Unasali Kiphuthi. Mungu unamwambia Kiphuthi, karani unamwambia Kisotho. Kati ya hao wawili, unamwogopa nani?"

Mzee Thaba alishika fimbo yake kwa mikono miwili. Mama Nyakallo hakuinua macho.

Kisha akamwambia Mama Bulelwa taratibu, "Wewe binti, ulikuwa hujazaliwa. Mimi nilikwenda migodini nikiwa kijana. Chumbani kwetu nilikuwa Mphuthi peke yangu. Nikisema neno, walipiga mbinja. Walisema, 'Haya, ndege ameanza.' Mpaka nikizungumza usingizini waliniamsha wacheke. Nikaapa kwamba mtu wa nyumba yangu hatachekwa hivyo. Tutasema Kisotho mbele za watu. Au tutanyamaza."

Keneuoe aliweka kishikwambi mapajani.

"Pole sana, baba. Walikosea. Lakini naomba nikwambie jambo. Watu wengi wa nchi hii ni Wasotho, nami ni mmoja wao. Lakini si sisi peke yetu. Huku kusini mpo ninyi Waphuthi. Mpo Waxhosa, kama mama huyu. Kaskazini wapo Wandebele. Mjini kuna wenye maduka waliotoka Bara Asia, na watoto wao wamezaliwa hapahapa. Sote ni watu wa nchi moja, na mfalme wetu ni mmoja. Ukisema wewe ni Mphuthi, hujaikana nchi hii. Umesema kweli tu."

"Na wakijua huko ofisini?"

"Wataona hesabu tu. Hawataona jina lako. Nimekula kiapo. Ninachoandika hapa simwambii chifu, simwambii mwalimu, simwambii hata mama yangu. Lakini kila nyumba ya bonde hili ikisema Kisotho, serikali itasema, 'Kule hakuna Waphuthi.' Na kama hampo, nani atawaletea mwalimu au muuguzi wa lugha yenu? Hamtapata kesho, sitaki kuwadanganya. Mambo haya huchukua muda. Lakini asiyehesabiwa hapangiwi."

Mzee alitazama ile chaki mlangoni. "Andika Kiphuthi," alisema mwishowe. "Lakini iwe siri."

"Ni siri, baba."

Mama Nyakallo alimsindikiza Keneuoe mpaka langoni. Huko ndiko alikolia. Alimweleza habari za Nyakallo, na mwalimu, na shule ya mbali.

"Dada, tafadhali, mwambie mwalimu kwamba tunasema Kiphuthi. Wewe atakuamini."

Keneuoe alimshika mkono. "Ningependa, mama. Lakini siri niliyowaahidi ni siri. Nikiivunja kwa ajili ya wema, kesho nitaivunja kwa ajili ya ubaya. Neno hili ni lenu. Lazima mlitoe ninyi wenyewe. Nenda kwa mwalimu. Usingoje."

*

Alhamisi Mama Nyakallo alikwenda shuleni. Njia nzima alisali. Amri ya mzee aliikumbuka, lakini alisema yote.

Mwalimu Ramoholi alisikiliza, kisha akakuna kichwa. "Mama, naona uchungu wako. Mzazi yeyote angetafuta njia ya kumzuia mtoto wake. Lakini nilipofika hapa niliwauliza wazazi wote. Wote walisema Kisotho. Hakuna hata mmoja aliyetaja Kiphuthi. Leo nikuamini wewe peke yako?"

"Ni kweli, mwalimu."

"Jumamosi kuna mkutano kwa chifu, nami nitakuwepo. Mphuthi mwingine mmoja tu asimame, aseme mbele ya watu kwamba lugha hiyo ipo hapa. Nitaamini. Vinginevyo, shule zikifungwa, mtoto ataondoka. Sifanyi hivyo kwa chuki."

Mama Nyakallo alipita kwa jirani wa chini. "Mimi? Hapana, dada, mwanangu anatafuta kazi mjini." Akapita kwa mwingine. "Kiphuthi? Sisi tulikiacha zamani," alisema mama yule, kisha akageuka akamfokea mbwa wake kwa Kiphuthi safi.

Alirudi nyumbani, akapiga magoti mbele ya Mzee Thaba.

"Baba, nakuomba. Kesho kutwa sema wewe."

"Nimesema kwa karani. Imetosha," alijibu mzee. "Nimechekwa ujana wangu wote. Usitake nichekwe hata uzeeni."

Mama Nyakallo hakubishana naye. Alikwenda kuchota maji. Huko kisimani alimwambia Mungu, "Mimi nimefika mwisho wangu."

*

Ijumaa alasiri, baada ya shule, mzee alikuwa amekaa nyuma ya boma akisuka kamba. Nyakallo alikuwa upande wa pili wa ukuta, akicheza peke yake. Hakujua kwamba babu yuko pale. Alikuwa amepanga mawe mstari, nayo yalikuwa wanafunzi. Yeye alikuwa mwalimu.

"Wewe!" alimwambia jiwe la kwanza kwa Kiphuthi. "Hii ni nini? Ni kikombe? Vizuri. Na wewe? Vizuri, kaa."

Akafika kwenye jiwe dogo la mwisho. "Na wewe, hii ni nini?"

Akangoja.

"Hii ni nini? Hujibu?" Akainama, akalipangusa vumbi lile jiwe kwa kidole. Akanong'ona, "Vizuri. Umenyamaza vizuri. Hakuna atakayetucheka."

Kisha akalichukua, akalipeleka mbali na mengine, akaliweka peke yake chini ya ukuta. "Wewe utakaa huku," alisema.

Kamba ilimponyoka Mzee Thaba. Hakuiokota. Aliingia ndani ya nyumba na kufunga mlango, na Mama Bulelwa upande wa pili alimsikia akisali. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

*

Jumamosi watu walikusanyika mbele ya nyumba ya Chifu Mateboho. Wanaume walikaa juu ya mawe wakiwa wamejifunika blanketi. Wanawake walikaa upande wa jua. Mazungumzo yalikuwa ya malisho: lini yafungwe, nani amevunja sheria, ng'ombe wa nani waliingia kwenye mtama wa nani. Mwishoni chifu aliuliza kama kuna mwenye neno.

Mzee Thaba alisimama. Akavua kofia. Akaanza kusema, na maneno yaliyotoka yalikuwa Kiphuthi.

"Watu wangu, mimi ni Mphuthi. Nyumbani kwangu tunasema Kiphuthi. Mjukuu wangu si kiziwi. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze."

Kisha kijana mmoja nyuma akapiga mbinja. "Mzee, ndege wako shambani, si hapa!"

Wawili watatu wakacheka. Mzee Thaba hakukaa.

Ndipo Chifu Mateboho aliposimama. Alimtazama yule kijana mpaka akainamisha kichwa. Kisha akamgeukia mzee, na mbele ya watu wote akasema kwa Kiphuthi:

"Endelea, baba. Tunakusikia."

Watu walitazamana. Hawakuwahi kumsikia chifu akisema hivyo hadharani. Bibi mmoja akasema kutoka upande wa wanawake, "Hata mimi nasikia." Na mwingine, "Hata sisi." Yule mama aliyemfokea mbwa wake akaficha uso ndani ya blanketi, akasema, "Na mimi pia. Mungu anisamehe."

Mwalimu Ramoholi alisimama, macho yamemtoka. "Nyote? Lakini niliwauliza!"

"Uliuliza, mwalimu," alisema chifu, sasa kwa Kisotho. "Nasi tulikudanganya. Tulidhani tunajilinda."

Mwalimu alimwita katikati Nyakallo, aliyekuwa amekaa na mama yake. Akamwomba Mzee Thaba amuulize kwa Kiphuthi: darasani kuna nini?

Nyakallo alimtazama mama yake. Mama alimwitikia kwa kichwa. Alimtazama tena, kuhakikisha. Kisha mdomo wake ukafunguka. Alisema kuna ubao, na dirisha lililopasuka, na picha ya ng'ombe aliyechorwa vibaya, maana pembe zake ni za mbuzi. Alisema mwalimu akifikiri hujikuna sikio kwa chaki, na sikio linabaki jeupe mpaka jioni.

Mzee alitafsiri neno kwa neno. Watu waliangua kicheko, na mwalimu akajishika sikio. Lilikuwa na chaki ya jana. Akacheka kuliko wote. Kisha akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Shule ile ni njema kwa watoto wasiosikia," alisema. "Lakini huyu anasikia. Asiyesikia nilikuwa mimi."

*

Jumatatu mwalimu alimpeleka Nyakallo zahanati, muuguzi akampima masikio. Yalikuwa mazima. Kuanzia juma lile Mzee Thaba aliketi darasa la kwanza kila asubuhi. Mwalimu wa darasa alisema neno kwa Kisotho, mzee akalisema kwa Kiphuthi, na watoto wakayarudia yote mawili. Ilionekana kwamba Nyakallo hakuwa peke yake. Watoto wengine waliokuwa wakikaa nyuma kimya walianza kuinua mikono. Na jambo la kushangaza ni kwamba Kisotho chao kilikua haraka zaidi, kwa kuwa sasa walijua kinasema nini.

Siku ya kufunga shule, theluji ya kwanza ilikuwa imeshatua kwenye vilele. Wazazi walikaa uwanjani. Pheello alikuwa ameshashusha kondoo, naye alikuwepo, kando ya mke wake. Nyakallo alisimama akasoma ukurasa mzima wa kitabu cha Kisotho. Alipomaliza alieleza habari ileile kwa Kiphuthi, na akaongeza mambo ambayo hayakuwemo kitabuni. Mama Nyakallo alilia machozi ya shukrani, wala hakuyafuta.

Chifu Mateboho alisimama. "Mwakani wataingia watoto wapya kutoka nyumba za juu. Mwalimu wa lugha yetu bado hatujapata. Tumeomba, na tutaendelea kuomba. Nani atakaa nao mpaka apatikane?"

Mwalimu Ramoholi alisema, "Mzee ameshafanya mengi. Njia ni ngumu. Tusimlemee."

Lakini Mzee Thaba alikuwa ameshasimama. Alisema kwa Kiphuthi kwanza, kisha kwa Kisotho, ili asibaki mtu ambaye hakuelewa.

"Mimi Thaba, Mphuthi, mtu wa nchi hii, naahidi mbele ya Mungu, na mbele ya chifu, na mbele yenu wote. Mtoto yeyote wa bonde hili atakayeingia darasani bila maneno ya kumjibu mwalimu, atanikuta mlangoni nikimngoja. Na magoti yakigoma, nitapanda punda. Lakini nitafika."